Nilivyokwenda Kuposa na Dawa Chini ya Ulimi

Jamani, kuna aibu ambazo mtu akizikumbuka akiwa peke yake huanza kuimba wimbo wowote kwa sauti ili asijisikie akiwaza, na hii yangu ni ya namna hiyo, nimeiimbia miaka mingi, bafuni, njiani, shambani, mpaka jirani mmoja akadhani nataka kujiunga na kwaya. Leo nawasimulia kwa sababu wengi walioishuhudia wametangulia mbele ya haki, na mimi mwenyewe nimefikia umri ambao mtu hafukuzwi tena ukweni. Mkitaka kucheka chekeni, ila msinikatize, maana nikikatizwa sitaanza tena.

Kwanza niwaeleze pua yangu, kwa sababu yote yalianzia hapo. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilipangiwa kufundisha Malindi, huko juu milimani Lushoto, mimi mtoto wa Muheza niliyekulia kwenye joto na michungwa, nikapelekwa mahali ambapo ukungu unaingia darasani asubuhi na kukaa mpaka kipindi cha pili. Mvua za kwanza tu nikashikwa na mafua, na mafua yale yakakataa kuondoka. Siyo mafua ya kupenga ukamaliza, la, haya yalihamia ndani ya mifupa ya uso, chini ya macho na juu ya nyusi, nikiinama kufunga kamba za viatu nasikia kichwa kinataka kumwagika mbele. Wengine waliniambia ni kipandauso, zahanati wakasema ni uvimbe wa vijitundu vya ndani ya pua, wakanipa vidonge, wakanichoma sindano, nikawa napata nafuu siku chache kisha narudi palepale. Nilijifukiza majani ya mkaratusi chini ya blanketi mpaka nikaunguza kidevu. Harufu sikuisikia tena kabisa (chakula nilikuwa nakila kwa kumbukumbu), na sauti yangu ikawa inapita puani, nikiwaambia wanafunzi "simameni" nusu yao wanabaki wameketi wananitazama.

Basi, katika hali hiyo hiyo ndipo nikapenda.

Mwanaidi alikuwa muuzaji wa duka la ushirika la kijiji, binti wa Mzee Singano, mkulima wa kahawa na mboga aliyeheshimika bonde zima. Mimi sikuwa na haja kubwa ya mafuta ya taa, lakini mwaka ule nilinunua mafuta ya taa utadhani nina kiwanda. Nasimama kaunta, nageuza uso nipenge kwa adabu, narudi, naomba kiberiti, naulizia sukari (na sukari siku zile ilikuwa haionekani, ikija gunia moja linaisha kabla halijafunguliwa vizuri), yeye anacheka kidogo anasema, "Mwalimu, hakuna, kama jana." Hilo "kama jana" ndilo lililonimaliza. Mtu anayekumbuka kwamba jana pia ulikuja!

Nikamwendea Mzee Hoza, balozi wetu wa nyumba kumi, awe mshenga wangu. Mzee Hoza alikuwa mpole na mwenye maneno mazuri, akapeleka habari, akarudi akasema hawakukataa, wameomba muda wa kuuliza uliza. Kule, kama kwingi kwetu, mtu haozi binti bila kuulizia ukoo wa mposaji: kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna kifua? Na mimi huyu, mgeni, asiyejulikana baba wala babu, nikohoe na kupenga mbele yao, watasema nini zaidi ya kwamba huyu ana kifua kikuu na amekuja kutuulia mtoto? Nikajiapiza kwamba pua yangu hawataijua. Nitapona kwanza. Na kama sitapona, nitaficha.

Ndipo niliposikia habari za mama mmoja Mzungu, daktari aliyestaafu, amepanga nyumba kuukuu Lushoto mjini, tulimwita Mama Daktari tu. Alikuwa anajaribu tiba ya kwao waiitayo homiopathi kwa watu wenye pua sugu kama yangu. Nikapanda basi la asubuhi nikaenda. Alinipokea vizuri, akanipapasa uso, akaniuliza maswali ambayo hakuna daktari aliyewahi kuniuliza (ninaota nini, napenda chumvi au vitamu, hasira zangu hupanda saa ngapi), kisha akanipa kichupa cha vidonge vyeupe vidogo sana, punje za mtama zina haki ya kuvidharau. Akanieleza kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba wagonjwa wamegawanywa mafungu mawili, fungu moja lina dawa ya kweli, fungu la pili lina sukari tupu, na chupa zilifungwa na mwenzake wa Tanga.

"Sasa mimi nimepewa ipi?" nikauliza.

"Mwalimu, hata mimi sijui. Ndiyo maana ya kujaribu. Tukijua, tunajidanganya."

Niliona ni mambo ya ajabu, lakini yeye alisema neno hilo kwa unyofu, na mimi nilikuwa nimechoka na uso wangu. Masharti yalikuwa hivi: usivishike kwa vidole, unavimimina kwenye kifuniko cha chupa, unatupa kichwa nyuma, unavidondoshea chini ya ulimi, unanyamaza mpaka viyeyuke vyenyewe. Mara tatu kwa siku, bila kukosa. Na muda wote wa tiba hakuna kahawa, hakuna kitunguu, hakuna dawa ya kuchua yenye harufu kali, maana vitu hivyo, alisema, huiua nguvu ya dawa. Nikakubali kila kitu. Niliporudi Malindi sikumwambia mtu, hata Mzee Hoza, nikaficha kichupa mfukoni mwa koti, nikameza kwa utii wa askari mpya. Na niwaambie ukweli, baada ya muda nilihisi kama pua imefunguka kidogo. Au nilitaka sana ifunguke. Mpaka leo siwezi kutenganisha hayo mawili.

Sasa jibu likaja: twende Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri, Mzee Singano anatualika chakula.

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, mdogo kiasi kwamba hata nikiusimulia naona aibu kuuita uamuzi. Dozi ya mchana iliangukia saa ileile ya kufika. Ningeweza kuiacha siku moja, nani angekufa? Ningeweza kumwambia Mzee Hoza njiani, "Mzee, mimi ninatumia dawa ya pua." Maneno machache tu! Lakini tulipoukaribia mji wa Mzee Singano, pale palipopandwa masale kuonyesha mpaka wa shamba, nikamwambia, "Mzee tangulia, nafunga kamba ya kiatu." Akatangulia. Nikachomoa kichupa, nikageuka (nikajikuta nimeielekea nyumba yao uso kwa uso, sikuliwaza hilo), nikamimina kwenye kifuniko, nikatupa kichwa nyuma, macho nimefumba, nikadondoshea chini ya ulimi, nikabaki hivyo kidogo ili punje isinitoroke.

Nilipofumbua macho, Mzee Singano mwenyewe alikuwa amesimama pembeni yangu, katoka shambani na mkungu wa ndizi begani.

Jamani. Shikamoo kule haina mjadala. Kijana akikutana na mtu mzima shikamoo itangulie, tena ukweni, tena siku ya posa, ungeweza kusahau jina lako lakini siyo shikamoo. Na mimi mdomo umejaa punje na masharti ya kunyamaza. Nikaweka mkono kifuani, nikainama sana, nikatoa mguno puani, "Mmm-mmh." Yule mzee akanitazama. Akangoja. Nikainama tena. Akahamisha mkungu kutoka bega hili kwenda lile, akapita bila neno. Nikamfuata huku nimefumba midomo.

Ndani walikuwa wameketi mkekani: baba, mjomba wake Mwanaidi (mtu mrefu mkavu, mchinjaji wa kijiji), Mzee Hoza wangu, na kwenye kigoda karibu na dirisha dogo, bibi yake Mwanaidi mzaa baba, amejitanda kaniki, ananitazama. Nikawahi kuviyeyusha kwa kuvisukumasukuma na ulimi, nikatoa shikamoo kwa wote kwa mkupuo. Wakaitikia marahaba, ila ya Mzee Singano ilichelewa kufika. Bibi hakuitikia. Alisema tu, "Onga mshi, mgoshi," salamu yao ya mchana kwa mwanamume, na macho yake hayakuwa kwenye macho yangu, yalikuwa kwenye mdomo wangu.

Mzee Hoza akaanza maneno yake mazuri. Mama yake Mwanaidi akaingia na birika la kahawa, kahawa ya shamba lao wenyewe, wanaivuna wenyewe, wanaikaanga wenyewe, mzee alikuwa hajivunii kitu duniani kama kahawa ile. Kikombe cha kwanza kikaletwa kwangu mimi mgeni.

Nilikitazama kikombe kile. Nikamwona Mama Daktari na masharti yake. Na wote mnajua maana ya kukataa kitu ukweni: ni kusema mbele ya watu kwamba nyumba hii siiamini, huenda mmeniwekea kitu. Mtu hakatai. Hata kama una shibe ya siku mbili, utaonja. Nikatafuta njia, na ubongo wangu, ambao kwenye mtihani wa ualimu haukuwahi kunisaidia haraka hivyo, ukanipa uongo uliokamilika.

"Mtanisamehe wazee wangu," nikasema, "leo Alhamisi, nimefunga. Ya sunna."

Mambo yakageuka! Mzee Singano akalainika uso, akamtazama shemeji yake yule mchinjaji kama anayesema, unaona? Mzee Hoza akavimba kwa fahari (hakuwa na habari, maskini), akasema, "Ndiyo mwalimu wetu huyo, dini anaijua." Mjomba akasema mashaallah. Nami, mpumbavu, badala ya kunyamaza na ushindi wangu, nikataka kuongeza tabasamu, nikavuta hewa kwa pua iliyoziba nikasema, "Na jikoni kunavyonukia, mtanipa mtihani leo!"

Mama yake Mwanaidi akasimama mlangoni na kitambaa mkononi. "Mwalimu, maziwa yameungua."

Kweli chumba kizima kilikuwa kimejaa harufu ya maziwa yaliyoungua, watu walishaanza kufuta macho, ni mimi peke yangu niliyekuwa nayasifu. Mzee Hoza akacheka kidogo ili kunifunika. Hakuna aliyecheka naye.

Hapo bibi akasogeza kigoda chake. Taratibu kabisa akaniuliza, "Mgoshi, huko kwenu Muheza, mtu aliyefunga hula nini?"

"Bibi?"

"Nauliza kujua. Aliyefunga hula nini huko kwenu? Maana nimekuona kwa dirisha hili, umesimama penye masale, umeielekea nyumba yetu, umefumba macho, umetia kitu mdomoni. Kisha mwanangu anapita, humwamkii."

Sikuwa mgeni wa siku mbili milimani, nilijua walichokuwa wanawaza, kwa sababu hata watoto wa darasa la tatu walinisimulia: kuna watu huweka dawa chini ya ulimi wanapokwenda kuomba jambo, na kila watakalolisema linakubaliwa, mwenye mali anatoa mali, mwenye binti anatoa binti, kesho anazinduka anajuta. Na kuna wengine huweka kinga, kwa sababu wanaamini wenyeji wao ni wachawi. Hilo la pili ndilo matusi makubwa zaidi. Na mimi kwa kichwa changu mwenyewe nilikuwa nimejipa yote mawili pamoja, juu yake na swaumu ya uongo.

"Sikutia kitu," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo. Sijui kwa nini. Ulimi ulishazoea.

Mjomba akainuka. "Fumbua mdomo, mwalimu."

"Shemeji," Mzee Singano akasema, "mgeni huyu."

"Mgeni, ndiyo. Afumbue, tumwombe radhi, tule."

Nikafumbua. Nakuapieni, mimi, mwalimu wa serikali, nimevaa koti na kalamu mfukoni, nimekaa mkekani nimeachama mbele ya watu niliotaka waniite mkwe, na yule mchinjaji kaniinamia ananitazama meno, "inua ulimi, geuza huku," kama mbuzi wa mnadani, na nyuma ya pazia la jikoni nikaona kidole cha mtu kikilishika pazia, nikajua ni kidole cha nani. Punje zilishayeyuka. Hakuona kitu. Alikuwa anaanza kuniambia samahani, na mimi nikawa naanza kupumua, ndipo moshi wa yale maziwa, ambao pua yangu ilikataa kuunusa, ukakubali kuiwasha. Nikapiga chafya moja. Nikapiga ya pili, ya tatu ikaja na mengine yote niliyokuwa nimeyaficha tangu nimfahamu Mwanaidi, nikatia mkono mfukoni kwa haraka nichomoe leso, leso ikatoka na kichupa, kichupa kikaanguka mkekani, kikabingirika mpaka miguuni kwa bibi.

Hakuna aliyekigusa isipokuwa yeye. Alikiokota, akakitikisa, tukasikia vile vipunje vikilia ndani.

"Hii nini?" Mzee Singano akaniuliza. Sauti yake haikupanda, heri ingepanda.

"Dawa, mzee."

"Ya nini?"

Hapo, mbele yangu, mlango wa ukweli ulikuwa wazi kabisa. Pua. Neno moja. Lakini niliyatazama makamasi kwenye leso yangu nikaona kifua kikuu, nikaona wananifukuza, nikasema, "Ya kichwa. Kidogo tu."

"Mwalimu," Mzee Hoza akanishika goti, "mimi ndiye niliyekuleta hapa. Kesho mimi nitaishi na watu hawa. Sema."

"Mzee, hata siyo dawa hasa. Huenda ni dawa, huenda ni sukari."

"Huenda?" mjomba akarudia.

"Aliyenipa hajui. Mimi pia sijui. Ndivyo inavyofanyika."

Mnaona nilivyokuwa nasaidia kesi yangu. Mjomba akacheka kicheko kikavu, akasema kijiji kizima hakijaona sukari tangu mvua ziishe, akina mama wanakoroga uji na miwa, huyu anatembea nayo kichupani na hana hakika kama ni sukari. Mzee Singano hakucheka. Bibi akafungua kifuniko, akamimina kichupa chote, dozi zangu zote zilizobaki, ndani ya kile kikombe cha kahawa nilichokikataa, akakoroga kwa kidole.

"Mimi nimekula chumvi nyingi," akasema. "Kama ni sukari, nakunywa kahawa tamu. Kama ni kingine, bora kinipate mimi kuliko mjukuu wangu."

Akakiinua. Na mimi, Mungu anisamehe, nilichokiona wakati ule ni kichupa kitupu, na jaribio la Mama Daktari linaharibika, na pua yangu iliyoanza kufunguka inafungwa tena maisha, nikapiga kelele: "Bibi, usinywe!"

Kelele ile ilipotoka nikajua nimekwisha. Mjomba alishanishika ukosi. Mama yake Mwanaidi alipiga yowe jikoni. Mzee Hoza alifunika uso kwa mikono miwili. Ni bibi peke yake ambaye hakushtuka, kikombe kipo karibu na midomo, ananitazama juu ya ukingo wake, na nikaelewa kwamba hata hakuwa anaitazama kahawa tangu mwanzo, alikuwa ananitazama mimi.

"Kwa nini nisinywe, mgoshi, kama ni sukari?"

Ndipo nikasema yote. Nikiwa nimeshikwa ukosi, machozi na makamasi vinashuka pamoja, nikasema pua, uso, mifupa, zahanati, mkaratusi, Mama Daktari, mafungu mawili, masharti ya kahawa na kitunguu, nikasema sikufunga, asubuhi nilikula viazi, nikasema niliogopa mtasema nina kifua mninyime Mwanaidi, na nikataja jina lake hivyo hivyo, mbele ya baba yake, bila adabu yoyote. Nilipomaliza mjomba aliniachia. Bibi akanywa kahawa yake. Akanywa yote. Tukamtazama wote, hakuna aliyethubutu kukohoa. Akakiweka kikombe chini, akajifuta midomo kwa upindo wa kaniki.

"Haijakolea," akasema.

Mahali pengine watu wangecheka hapo, na mambo yangeisha. Na kweli mjomba alianza. Lakini Mzee Singano aliinua mkono, akanigeukia, na nilichokiona usoni mwake hakikuwa hasira, alikuwa ameumia.

"Mwalimu, pua yako tuliijua," akasema. "Nani hapa Malindi haijui? Watoto shuleni wanaiigiza. Tulipoletewa habari zako, kitu cha kwanza tulichouliza ni hicho. Tukamwuliza mganga wa zahanati, akasema ni pua, siyo kifua, haiambukizi. Tukakaa, tukasema, ni mtu mwema, anafundisha vizuri, na pua yake tutaizoea. Leo nilikuita nikupe jibu la ndiyo. Lilikuwa tayari."

Nikainamisha uso, nikapangusa pua.

"Sasa sijui," akasema. "Umenipita bila shikamoo, umenidanganya swaumu ndani ya nyumba yangu, umeniambia hukutia kitu mdomoni, umeniambia kichwa. Kwa jambo ambalo tulishalikubali." Akageukia pazia. "Mwanaidi. Wewe ndiye utakayekaa naye. Umesikia yote. Sema mwenyewe, sitakulazimisha huku wala huku."

Kile kidole kilikuwa bado kimelishika pazia. Nilimwomba Mungu mambo mengi katika muda ule, nikaahidi hata swaumu za kweli.

"Baba," sauti yake ikatoka, taratibu, ileile ya kaunta, "pua yake ningeiweza. Amesimama mbele yangu mwaka mzima akijificha kupenga, nikawa namhurumia, nasema siku moja ataniambia. Lakini mtu akinificha mafua, akiwa na jambo kubwa atanificha mpaka lini? Hapana, baba. Mwambie samahani."

Kidole kikaachia pazia.

Tuliaga. Mama mtu alitufungia chakula kwenye majani ya mgomba, kwa sababu hawakuwa watu wa kumtoa mgeni na njaa hata mgeni kama mimi, na njia nzima Mzee Hoza alikibeba kile chakula bila kunisemesha, ila tulipofika penye njia panda alisema tu, "Ungeniambia, mwanangu. Mimi ndiyo kazi yangu kusema." Nililia kama mtoto, na kulia kulinizibua pua vizuri kuliko dawa zote nilizowahi kutumia, kwa muda wa jioni ile.

Mama Daktari nilipomweleza alisikitika, akaniondoa kwenye jaribio, akasema mgonjwa ambaye kichupa chake kimenywewa na mtu mwingine hana faida tena. Nikamwomba angalau aniambie nilikuwa fungu gani. Akasema hajui, na mwenzake wa Tanga hatafungua kwa ajili ya mtu mmoja. Mpaka leo sijui kama nilipoteza mke kwa ajili ya dawa au kwa ajili ya sukari. Mwanaidi aliolewa Rangwi na fundi seremala, nikapeleka zawadi ya khanga, na nilijificha nisile karamu.

Tangu siku ile niliapa kwamba ugonjwa wangu sitaufanya siri tena, aulizaye nitamjibu na asiyeuliza nitamjibu pia, na kiapo hicho nimekishika mpaka watu wananikimbia. Miaka kadhaa baadaye nilihamishiwa Bumbuli, nikapelekwa kwa wazazi wa binti mwingine, na nilipomwona tu mwenyewe uani anachambua mboga, kabla sijakaa, kabla hata sijamwuliza jina, nikamwambia, "Dada, nikwambie mapema, mimi nina ugonjwa wa pua, ni sugu, haujapona na sidhani kama utapona."

Huyo ndiye mama watoto wangu. Hakuinua hata kichwa kwenye mboga zake. Alisema, "Hilo nimelisikia tangu ulipopiga hodi. Kaa, nikuletee kahawa."